Spesi Tatu za Ishiara

Mimi si mtu wa kuomba msamaha haraka. Nyumbani wanajua, ofisini wanajua, hata mama anayeniuzia maziwa anajua. Kwa hiyo nikikiri kwamba mambo haya yalianza kwa kosa langu, ujue nimetafuta sana mtu mwingine wa kulaumu na nimemkosa.

Shirika letu linatunza visima na pampu za maji, kuanzia Maua upande wa Meru hadi Ishiara, kule chini kwenye joto la Mbeere. Makao makuu yako Meru mjini, mwendo mfupi kwa miguu kutoka soko la Gakoromone. Kila pampu, kila jenereta, kila tangi na kila pikapu ya shirika imeandikwa katika programu moja ya kompyuta. Fundi akitengeneza kitu, anafungua kadi ya kazi humo, anaandika alichokifanya, anaweka nambari yake ya kazi, kisha anaifunga kadi. Mimi ndiye mtunzaji wa programu hiyo na wa hifadhidata iliyo chini yake, yaani ghala ambamo kadi zote hukaa. Ni kazi ambayo watu hukukumbuka tu siku mambo yameharibika.

Miaka tisa iliyopita nilitumwa Ishiara kuwafundisha mafundi kutumia programu hiyo. Tulikaa katika ukumbi wa kanisa wenye paa la mabati, na joto lilikuwa la kukausha ndengu. Wanafunzi wangu walikuwa watatu, wote vibarua. Kulikuwa na mzee wa kanisa la Sabato, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kulikuwa na baba mmoja Mkatoliki, mwimbishaji kwaya, ambaye hata akisoma maneno kwenye skrini aliyasoma kwa tuni. Na kulikuwa na mama mmoja wa umri wangu, mwembamba, aliyejifunza ufundi kwenye posho mill, mashine ya kusaga mahindi, ya shangazi yake. Huyo ndiye aliyekuwa fundi hasa. Alisikiliza pampu kwa dakika moja akasema ni bearing gani inakufa, na wale wazee wawili hawakuona haya kumwachia spana.

Tulifika mahali pa kufunga kadi ya kwanza, programu ikakataa. Ilitaka nambari ya kazi, na vibarua hawana nambari. Nambari hupewa walioajiriwa.

Sasa, mimi sipendi kushindwa na mashine mbele ya watu. Nilijaribu hiki na kile, nikagonga spesi, kile kitufe kirefu cha nafasi tupu, mara moja pale mahali pa nambari, nikabonyeza kufunga. Ikakubali! Kwake spesi ilikuwa kitu, na kitu kilitosha. Wakanipigia makofi, nami nikajiona mtaalamu. "Mkifika hapo," niliwaambia, "gongeni spesi moja tu, muendelee."

Yule mama akainua mkono. "Mwalimu, na sisi wote tukigonga moja, hiyo kompyuta itajua ni nani alifanya kazi?"

Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka huo. Jibu langu lilikuwa la ujanja tupu. Niligawa: mzee wa Sabato agonge moja, mwimbishaji agonge mbili.

"Basi mimi nipatie tatu," mama akasema. "Jiko pia ni mafiga tatu."

Tukacheka. Nikapewa ndengu za kupeleka nyumbani, nikarudi Meru. Nilipaswa kumwandikia mkurugenzi wa wakati huo siku ileile kwamba vibarua wapewe nambari za muda. Sikuandika. Wiki ikapita, mwezi ukapita, nikasahau kabisa kwamba kule Ishiara kuna watu watatu ambao ndani ya kompyuta yangu walitofautiana kwa urefu wa utupu tu.

Miaka ikaenda. Mzee wa Sabato alistaafu kwa hiari yake, akarudi kwenye shamba lake la muguka, yale majani ya kutafuna. Mwimbishaji kwaya alipata ajira akahamishiwa Maua, akapewa nambari. Mama akabaki Ishiara peke yake, bado kibarua, bado spesi tatu.

Halafu likaja suala la kuboresha programu. Toleo letu lilikuwa limezeeka, na toleo jipya halikukubali kukaa juu ya hifadhidata yetu ya zamani. Ilibidi kubadilisha vyote viwili kwa pamoja, programu na ghala lake, na kuhamisha kila kadi kutoka ghala lililoundwa na kampuni moja hadi lililoundwa na nyingine. Anayefikiri hiyo ni kazi ya kunakili tu hajawahi kuhama nyumba akagundua kwamba kitanda hakipiti mlango mpya.

Mkurugenzi aliitisha mkutano. Alikuwa mtu mnyoofu na mkali, aliyeletwa baada ya mkuu wa kituo kimoja kukamatwa akiwa ameandikisha mashemeji zake kama mafundi. Alitangaza mambo mawili. La kwanza, mfumo mpya hautamkubali mtu yeyote asiye na nambari. La pili, kibarua ambaye kadi zake zinaonyesha miaka mitano ya kazi mfululizo ataajiriwa kwa barua. Asiyeonekana ataachwa mwisho wa mwezi. "Na orodha itatoka kwa mashine," alisema. "Sitaki kusikia fulani ni mtu mzuri. Nimechoka na wafanyakazi hewa."

Nilimpigia makofi pamoja na wengine. Nilikuwa bado sijakumbuka.

Mtaalamu wa uhamisho alitoka Nairobi. Alikuwa mwanamume makini, mwenye kalamu nne mfukoni, na alikunywa chai ya rangi. Hapa Meru, penye ng'ombe na majani chai nje ya dirisha, chai isiyo na maziwa tunaichukulia kama dalili ya ugonjwa, kwa hiyo wamama wa jikoni walimhurumia sana. Lakini kazi aliijua. Jumatano tulifanya uhamisho wa majaribio, na mchana akaja na ripoti mkononi.

"Madam, hapa Ishiara kuna kitu. Kuna fundi mmoja hana number, na ako na kadi mob, nyingi ajabu. Siku moja, saa moja, anatengeneza pampu tatu kwa vijiji tatu."

Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni. "Huyo ni hewa," akasema. "Futeni."

Ukumbi wa mabati, makofi, mafiga matatu, vyote vilirudi mara moja. Nikaelewa kilichotokea. Hifadhidata ya zamani ilihesabu spesi: moja ilikuwa mtu mmoja, tatu zilikuwa mtu mwingine. Ile mpya haijali spesi zilizo mwishoni mwa neno, na pasipo neno lolote, moja, mbili na tatu kwake ni kitu kilekile, utupu mtupu. Iliwachukua watu watatu ikawafanya mmoja, na huyo mmoja alionekana mwongo.

Ningesema palepale. Sikusema. Nilirudi kwenye meza yangu nikajifanya napanga karatasi, kwa sababu nilikuwa naona aibu, na aibu kwangu hufanana na hasira. Niliwafokea watu wawili wasio na kosa kabla ya saa kumi.

Saa kumi simu ikalia. Ni mama wa Ishiara.

"Mwalimu, habari ya siku mingi? Nimesikia kuna orodha. Hiyo kompyuta yako bado inanikumbuka?"

Nikamweleza yote, na kwamba kosa ni langu. Akasema kwamba ana watoto wanne na shamba la mawe, kwamba mvua ya mwaka huo ilipita kando, na kwamba akiachwa mwisho wa mwezi hajui pa kuanzia. Aliyasema bila kulia, na hilo liliniumiza zaidi.

Hapo nikapata wazo la mkato, maana mikato hainiishi. Wale wawili wengine hawazihitaji tena kadi zao. Ningeweza kuandika kwamba zote ni zake, nikafuta zile zilizogongana saa, na mambo yaishe kimya.

"Zote ziwe zangu?" aliuliza. "Hapana, mwalimu. Za wale wazee ni zao. Wewe tafuta zangu. Zangu zinatosha."

Nilishusha simu nikaenda moja kwa moja kwa mkurugenzi, nikamwambia ukweli kuanzia ukumbi wa kanisa. Alinisikiliza bila kupepesa macho. Alipojibu, hakupandisha sauti, ingawa ningependelea apandishe.

"Unataka niajiri mtu kwa ushahidi wa spesi?"

"Ndiyo, bwana mkurugenzi."

"Na nani amesema spesi tatu ni yeye? Wewe?"

Alinipa hadi Jumamosi saa sita mchana nilete ushahidi mwingine. Jumapili, watu wakiwa kanisani na programu ikiwa haina watumiaji, data yote ingehamishwa, na mtaalamu alikuwa tayari ameandika maagizo ya kupangusa spesi zote njiani. Baada ya hapo mashine ya zamani ingezimwa, na spesi tatu zisingekuwa popote duniani.

Alhamisi nilijifungia na hifadhidata ya zamani. Nilizigawa kadi za Ishiara kwa urefu wa utupu wake: moja, mbili, tatu. Mafungu matatu yasiyo na jina. Niliyatazama kwa saa nzima. Mwishowe nikaacha kutafuta majina, nikaanza kuangalia siku.

Fungu la spesi moja halikuwa na Jumamosi. Hata moja, kwa miaka yote. Pampu zilikufa Jumamosi kama siku nyingine, lakini spesi moja hakuzigusa hadi Jumapili. Nikacheka peke yangu. Fungu la spesi mbili lilifanya kazi Jumamosi vizuri, ila Jumapili halikuwahi kufunga kadi kabla ya saa nane mchana, baada ya misa ya pili. Nilikuwa namwona kabisa mwimbishaji wangu akivua joho na kuvaa ovaroli.

Spesi tatu ilifanya kazi siku zote. Sikukuu, Jumamosi, Jumapili jioni. Lakini katika mwaka wa tatu kulikuwa na pengo, wiki saba bila kadi hata moja. Kabla yake kadi, baada yake kadi, katikati kimya.

Nikampigia. "Mama, mwaka wa tatu kulikuwa na wiki saba hukufanya kazi?"

Alijibu kwa sauti ya chini.

"Mwalimu, hiyo usiseme."

Alikuwa amejifungua mtoto wake wa mwisho. Kibarua akikosekana kwa mwezi, jina lake linatolewa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu, na hakuna aliyewahi kujiuliza ni kina nani inawaumiza. Wale wazee wawili waligawana zamu zake bila kumwambia mkuu wa kituo. Nilizitazama kadi za pampu yake katika wiki hizo nikaona ni kweli: moja, mbili, moja, mbili. Jumamosi ni spesi mbili, Jumapili asubuhi ni spesi moja. Walipangana hata kulingana na dini zao.

Jambo moja sikulielewa, nikampigia mwimbishaji kule Maua. Kama walikuwa wanamficha, si ingekuwa rahisi kugonga tatu, ionekane yuko kazini?

"Ai, madam," alisema, kama aliyetukanwa. "Hiyo tatu ni yake. Mimi nitagongaje?"

Nililia. Sina haya kusema. Nilikuwa nimewapa watu watatu utupu badala ya nambari, nao wakautunza kwa heshima kuliko nilivyowahi kutunza nywila yangu.

Wiki hizo saba hazikumnyima miaka mitano, kwa sababu baada yake alikuwa amefanya sita bila kupumzika. Lakini kuzionyesha ni kumwambia mkurugenzi kwamba alivunja sheria. Nilimwambia achague mwenyewe. Alisema atalala aombe. Ijumaa asubuhi akanitumia ujumbe: anakuja.

Jumamosi saa nne alikuwa kwenye ofisi ya mkurugenzi, amevaa sweta kwa sababu ya baridi ya Meru, kijitabu cha kliniki ya mama na mtoto kikiwa kwenye mfuko wa plastiki. Mtaalamu wa Nairobi aliketi pembeni na chai yake. Mimi nilionyesha mafungu matatu kwenye skrini, nikaeleza habari ya Jumamosi na Jumapili. Mkurugenzi alikunja uso.

"Hizi ni hadithi nzuri. Huyo wa spesi moja ana simu? Nipe nimuulize mwenyewe."

Akapiga. Ikalia mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikalia mpaka ikakatika. Akanitazama kama mtu aliyenishika nikidanganya.

"Bwana mkurugenzi," mama alisema polepole, "leo ni Jumamosi. Huyo mzee hawezi kushika simu mpaka jua izame."

Mtaalamu alipaliwa na chai. Mkurugenzi alibaki ameshika simu, akaangalia kalenda ukutani, akaangalia skrini, na uso wake mgumu ukaanza kulegea kutoka pembeni mwa mdomo. Akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka, na nilishangaa kwamba ana kicheko kizuri.

Kisha mama akafungua kijitabu. Tarehe ya kujifungua ilikuwa siku tatu baada ya kadi ya mwisho kabla ya pengo. Chanjo ya wiki ya sita ilipigwa siku chache kabla ya kadi ya kwanza baada yake. Mkurugenzi alisoma kwa kidole, mstari hadi mstari, kijitabu na skrini, kijitabu na skrini.

"Ulirudi baada ya wiki saba?"

"Pampu ilikuwa imeanza kuvuja," mama alisema. "Na wale wazee walikuwa wamechoka."

Alifunga kijitabu akamrudishia kwa mikono miwili. Alisema tu, akiangalia meza, kwamba wakati mtoto huyo anazaliwa yeye alikuwa katika shirika lingine, ila sheria hiyo hata yeye angeiandika vilevile, bila kumfikiria mama anayejifungua. Halafu akamgeukia mtaalamu.

"Usipanguse hizo spesi. Kwanza kila moja ipewe number."

"Zote tatu?" mtaalamu akauliza. "Huyo mzee si alishaenda?"

"Zote tatu. Alifanya kazi ama hakufanya?"

Jumapili tuliingia ofisini saa mbili asubuhi, kengele zikilia mjini. Kabla ya kuhamisha chochote, niliandika nambari badala ya spesi moja, nambari badala ya mbili, nambari badala ya tatu. Kwa hizo tatu nilirudia kuangalia mara nyingi hadi mtaalamu akaniuliza kama naziombea. Nilimwambia ndiyo. Mchana ghala jipya lilikuwa limejaa, akatoa ripoti: Ishiara, mafundi watatu. Nilimkorogea chai yenye maziwa kwa mkono wangu. Aliinywa yote.

Wiki mbili baadaye nilishuka Ishiara kufundisha toleo jipya, katika ukumbi uleule. Barua ya ajira ya mama nilikuwa nimeibeba mwenyewe. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaifungua akaisoma tena pale penye jina lake kamili, kisha akaiweka pamoja na kijitabu cha kliniki ndani ya ule mfuko wa plastiki. Nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi, yakatoka matatu.

"Mwalimu, wacha hiyo," alisema. "Wewe ndiye ulinihesabu."

Akaketi kufunga kadi yake ya kwanza kwenye mfumo mpya. Alitafuta tarakimu moja moja kwa kidole chenye grisi, akaandika nambari yake ya kazi, tarakimu zote sita. Kisha, kabla sijasema kitu, akagonga spesi mara tatu.

"Hizo hazihitajiki tena, mama," nilimwambia. "Hii mpya haizioni."

"Najua," alisema, akabonyeza kufunga, na kadi ikakubali.